Viti Viwili Ukumbini

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, usijisumbue kulitafuta. Hukukosa harusi, ulikosa matanga. Mara ya kwanza nilipotaka kuomba chuo cha uuguzi cha Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyetu, mama alianguka kwa kisukari, nikabaki kumuuguza hadi akafumba macho. Mara ya pili kimbunga kiling'oa gati letu na paa la zahanati, nikabaki kufunga watu vidonda chini ya turubai. Mara ya tatu akafa baba.

Chuo hakichukui watu kila mwaka, na umri wa kuomba una mwisho. Kila nilipouliza niombe lini, watu waliniambia subira huvuta heri. Hakuna aliyenikumbusha kwamba ngojangoja huumiza matumbo.

Msomaji, tuliachana pale Nesi Lupe aliponiita pembeni. Huyu ndiye mkuu wa zahanati yetu, na mimi ni msaidizi wake nisiye na cheo. Akasema safari hii walimu wa chuo watakuja wenyewe hapa kisiwani, siku ya Ijumaa, ukumbi wa kanisa, kuwahoji wanaotaka kuomba. Akasema tena kwamba hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho, kwa sababu awamu ijayo nitakuwa nimepita umri. Nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima, na mimi sauti sina.

Wimbo wenyewe haukudumu.

Shangazi Kalolaine, dada yake marehemu baba, alinikuta jioni ile nasuka mkeka. Kwetu shangazi akiingia, mkubwa wa nyumba ameingia, hata kama nyumba si yake. Aliketi, akajipepea, akaomba maji, akaletewa, hakuyanywa. Hapo nikajua kuna jambo.

Akaniuliza kama najua kwamba Nesi Lupe amewapa walimu majina mawili ya kisiwa hiki. Nikasema najua moja tu, langu.

"La pili ni Feleti," akasema.

Mkono wangu ukasimama juu ya mkeka. Feleti ni pacha wangu. Tulitoka tumbo moja siku moja, yeye akitangulia. Lakini tangu sauti yake ilipovunjika hajalala chini ya paa ninalolala mimi. Ana kibanda chake ng'ambo ya mishelisheli. Hatuketi chumba kimoja, hatutaniani, na habari za mwili hazipiti kati yetu hata kwa bahati mbaya. Usidhani tumegombana. Hiyo ndiyo heshima, na hivyo ndivyo kaka na dada wanavyopendana kwetu.

Mazungumzo yetu yote yamekuwa juu ya jiwe moja lililo karibu na jiko langu. Yeye huniwekea samaki asubuhi, mimi humwekea sufuria ya magimbi jioni. Tangu wazee wetu walipokufa, jiwe lile ndilo jamaa yangu wa karibu.

"Sasa nieleze mimi mjinga," Shangazi akasema. "Mwalimu kasimama ubaoni, anachora tumbo la uzazi. Wewe umekaa hapa, kaka yako kakaa pale. Mtatazama wapi? Darini?"

Nikamwambia labda kuna madarasa mawili. Akasema darasa ni moja, ameshamuuliza Lupe, yeye si mtu wa kusubiri kuambiwa. Basi mmoja ataomba na mmoja atabaki, na kwa kuwa tumezaliwa siku moja, atakayebaki ndiyo kwaheri.

Nikamuuliza ni nani abaki.

"Unaniuliza mimi? Nyote watoto wa kaka yangu. Nikimchagua mmoja, mwingine atanizika kwa hasira." Akainuka, akachukua pepeo lake, akaenda zake.

Sasa sikiliza shida yangu ilipo. Kwetu dada ndiye mwenye cheo. Ningemtuma Shangazi neno moja tu, abaki, na Feleti angebaki bila kuuliza sababu. Ndiyo maana sikulituma. Utamwambiaje neno kama hilo mtu ambaye hawezi kukujibu?

Nikangoja yeye aseme. Na yeye, nadhani, alikuwa anangoja mimi niseme. Siku zikawa zinapita, jiwe linapokea samaki, jiwe linapokea magimbi.

Nilikuwa namwona kwa mbali akitengeneza injini ya mashua yake, nikawa najiuliza mtu wa bahari kama yule anautakia nini uuguzi. Mimi nilijua sababu yangu. Nilitaka siku moja mgonjwa anitazame na kuniita nesi, si "wewe binti, Lupe yuko wapi?" Nilitaka nijue sukari ilimuuaje mama, nijue kwa uhakika, si kwa kubahatisha. Nimeyataka hayo miaka yote ya ujana wangu, na sina kingine nilichowahi kukitaka. Waliotaka kunioa walingoja wakachoka, wakaoa visiwa vya jirani.

Alhamisi asubuhi nikakuta pweza juu ya jiwe.

Si samaki. Pweza mzima, mkubwa, ameshapigwa na kulainishwa, amefunikwa kwa jani la mgomba. Feleti hajawahi kunipa pweza isipokuwa Krismasi. Nikamtazama pweza yule, nikasema moyoni, huyu mtu anaomba. Ameshindwa kusema, kaleta pweza. Anataka nimwachie.

Nilimpika kwa tui la nazi, nikala peke yangu, na machozi yakawa yanaingia kwenye sahani. Pweza alikuwa mtamu sana. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Kisha nikawaza kama mtu mzima. Kisiwa hiki hakijawahi kuwa na nesi mwanamume. Wanaume wetu wakiumwa hukaa nyumbani wakikunja uso, na wakija zahanati huwa wanakuja kuaga. Nesi Lupe amelisema hilo mpaka amenyamaza. Feleti angefaa. Pengine angefaa kuliko mimi. Na mimi ningeendelea kuwa binti wa kumtafutia Lupe bandeji.

Jioni nikafungua kasha, nikatoa mkeka wa kiunoni wa baba, ule wa zamani, laini, aliouvaa kila alipokwenda mbele ya wakubwa. Mwanamume hawezi kusimama mbele ya walimu kutoka mjini bila mkeka kiunoni. Nikaukunja vizuri, nikauweka juu ya jiwe. Nilikuwa namwambia, vaa, uende wewe.

Ijumaa asubuhi mkeka haukuwapo. Nikasema amepokea.

Sikutaka kuwepo kijijini siku ile. Nikachukua panga na kamba, nikaenda upande wa pili wa kisiwa kukata majani ya mkadi. Kutoka kule nilisikia kengele ya kanisa, kisha kwaya ya kina mama ikiwaimbia wageni. Nikakata majani mengi kuliko ninayoweza kusuka mwaka mzima. Kila nilipokumbuka Feleti ameketi mbele ya walimu na mkeka wa baba kiunoni, nilijisikia vizuri kidogo, halafu nikajisikia vibaya kabisa. Sijawahi kuwa mpweke kama siku ile, na mimi upweke naujua kama jirani.

Alasiri nikarudi na mzigo mgongoni. Njiani amesimama Shangazi Kalolaine, kavaa nguo za kanisani. Kwapani kashika mkeka wa baba.

"Ulikuwa wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo ambalo si la kawaida kwake.

Macho yangu yalikuwa kwenye mkeka. Nikamuuliza kaupata wapi.

"Nimeukuta jana juu ya jiwe, mvua inakuja. Mkeka wa kaka yangu, nje kama gunia. Nikauingiza kwangu. Wewe ulikuwa wapi, Losaline?"

"Feleti alivaa nini?" nikauliza.

"Feleti gani? Feleti hakuja. Mashua yake haipo tangu jana asubuhi."

Mzigo ukanishuka mgongoni wenyewe.

Shangazi akanieleza yote palepale njiani, na sikutamani kuyasikia. Walimu walikuja. Kijiji kiliwachomea nguruwe. Viti viwili viliwekwa mbele ya meza yao, vimetandikwa kitambaa cheupe, kimoja cha Losaline, kimoja cha Feleti, mbalimbali kwa heshima. Kwaya ikaimba. Walimu wakangoja. Kwaya ikaimba tena kwa kuwa hakukuwa na la kufanya. Nesi Lupe akatoka nje kuchungulia njia hata akaacha kurudi kwa aibu.

"Kina mama watu wazima wameviimbia viti," Shangazi akasema. "Mmenivua nguo mbele za watu, nyinyi wawili."

Nikamuuliza walimu wamesema nini. Akasema mkuu wao, mama mmoja mpole, hakukasirika. Wamekwenda mji wa Pangai, ng'ambo ya maji, kulala huko, na Lupe kaenda nao. Meli yao inaondoka Pangai kesho adhuhuri, haiwezi kungoja, kwa kuwa keshokutwa ni Jumapili na Jumapili hakuna chombo kinachotoka. Anayetaka kuhojiwa amfuate huko kabla ya meli. Asiyekuja hakutaka.

"Akasema mmoja au wawili?" nikauliza.

"Akasema nafasi anazo. Nafasi hazikuwa shida tangu mwanzo. Shida ni nyinyi."

Jioni ile, jua lingalipo, nikasikia injini ya Feleti ikizima ufukweni. Nikafanya jambo ambalo sijalifanya tangu tuwe wakubwa. Nikavuka mishelisheli, nikaenda mpaka kwenye kibanda chake. Sikuingia, usinidhanie vibaya. Nikaketi chini nje, mgongo ukutani. Ukuta wenyewe ni mbao nyembamba, nikawa nasikia anavyohema.

"Feleti."

Kuhema kukakoma.

"Najua umo. Siingii."

"Dada, rudi nyumbani. Watu watakuona."

"Waone. Kwa nini hukwenda ukumbini?"

"Kwa sababu ulikuwa unakwenda wewe. Nilikaa kule kisiwa cha ndege, ili usije ukaniona ukasita."

"Na pweza?"

"Wa kukutakia safari njema."

Nilicheka. Nilicheka kicheko kibaya, kisha nikasikia upande wa pili wa ukuta na yeye anacheka, kwa pua, kama alivyokuwa akicheka kanisani tukiwa wadogo. Halafu mimi nikawa nalia bila sauti. Miaka yote hiyo tulikuwa karibu namna ile, na ukuta mwembamba namna ile.

Nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua. Nikamwambia, wewe mtu wa bahari, uuguzi uliupenda tangu lini?

Akasema polepole, "Tangu baba."

"Baba alikufa kwa homa."

"Baba hakufa kwa homa, dada. Alikuwa na kidonda."

Mimi ndiye niliyempa baba vidonge vya homa siku zile, Nesi Lupe akiwa mjini. Nilimuuliza baba kunauma wapi, akasema ni mwili tu umechoka. Nilimwekea kitambaa cha maji kipajini. Alipokufa wakamwosha wanaume, mimi nikawa jikoni na wanawake.

"Kidonda kilikuwa wapi?"

Nikasikia anajisogeza mbali na ukuta.

"Feleti. Kilikuwa wapi?"

"Mahali ambapo siwezi kukuambia."

Akanieleza lililoelezeka. Alikuwa akimsafisha baba mwenyewe kwa maji ya chumvi na majani, hajui anachofanya, kidonda kikizidi kunuka. Baba alimwapisha asiniambie. "Na hata asingeniapisha," akasema, "ningekuambiaje? Ningeanzia wapi? Ulikuwa ukipita na beseni la dawa mlangoni kwake kila asubuhi. Nilikuwa nakutazama unapita."

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo kikishamuumbua, waliobaki wafanye nini. Nimeosha vidonda vya nusu ya kisiwa hiki. Nimeosha mguu wa mlevi aliyenitukana. Na baba yangu alikuwa akioza chumba cha pili, na watu wawili waliompenda wakawa hawana njia ya kuambiana.

Nikamwambia kesho tunakwenda Pangai wote wawili. Tutahojiwa wote, na tukipokewa tutakaa darasa moja. Mwalimu akichora, tutatazama ubao.

"Usiseme hivyo, dada."

"Nimeshasema."

"Kesho alfajiri nitakuvusha," akasema.

"Hunivushi. Tunavuka."

Hakujibu tena. Nikakichukua kimya chake kuwa ndiyo. Mtu angefikiri nimeshajifunza kitu kuhusu kimya.

Jumamosi kulipopambazuka nikashuka gatini. Nilidhani tutaondoka kimyakimya, lakini kwetu hakuna cha kimyakimya. Nusu ya kijiji ilikuwa pale, wengine wamekuja kuaga, wengine kuona kama leo viti vitajaa. Mzee wa kanisa aliomba dua ndefu. Shangazi Kalolaine alinipa magimbi ya kuoka kwenye kikapu, akaninong'oneza niketi mbele na kaka yangu nyuma, nisigeuke, tufike salama.

Feleti alikuwa ameshawasha injini. Amekaa nyuma, kanipa mgongo, kama inavyompasa.

Nikatazama ndani ya mashua. Begi langu lilikuwa pale, alikwishalipokea kwa Shangazi, kalifunika kwa plastiki lisilowe. Nikatafuta begi la pili. Nikatazama chini ya benchi, nikatazama nyuma ya ndoo ya mafuta.

Begi lilikuwa moja.

Alikuwa amevaa kaptula ya kuvulia na shati lenye tundu. Hakuna mtu anayekwenda kuhojiwa na shati lile. Atanifikisha Pangai, atanipakia kwa walimu kama kikapu, atarudi kwenye jiwe letu, na jiwe halitakuwa na mtu wa kumwekea magimbi.

Shangazi naye aliliona begi moja, akashusha pumzi kwa raha. "Vema," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa."

Msomaji, ninalokwambia sasa sijivunii. Ningeweza kuingia mashuani nikanyamaza. Wote walikuwa wanangoja niingie, nami chuo nakitaka mpaka kinaniuma. Niliingia, ndiyo. Nikasimama katikati ya mashua, nikamtazama Feleti mgongoni.

Usiku sikuwa nimelala. Nilikuwa nikimkumbuka baba alivyokuwa akiketi upande upande siku zake za mwisho, alivyotembea miguu mbali, sukari yake, maana naye alikuwa nayo kama mama, homa yake. Mimi si nesi, lakini si mjinga. Nilikuwa nimeshajua mahali ambapo Feleti hawezi kupataja.

"Feleti," nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Baba alioza korodani. Wewe ulikuwa unajua, na mimi nilikuwa chumba cha pili."

Mama mmoja akamziba mtoto masikio, kachelewa. Pepeo la Shangazi likaanguka majini na hakuna aliyeliokota. Nimetaja uchi wa baba yangu, maiti, mbele ya dada yake, mbele ya kaka yangu, na jua ndiyo kwanza linatoka. Maji yalikwisha kumwagika.

"Umesikia," nikaendelea. "Nimelisema mbele yako, na bado tu wazima. Darasani hatutasikia kubwa kuliko hilo. Kachukue begi lako."

Feleti akageuka.

Akanitazama usoni. Hajanitazama hivyo tangu tulipokuwa watoto tukioga pamoja mvuani. Nilikuwa nimesahau kwamba ana macho ya mama. Sikuweza kuyasoma, na nani angenifundisha kuyasoma?

Akainuka, akapanda gatini. Watu wakampisha. Alimpita Shangazi bila kuinamisha kichwa, akashika njia ya mishelisheli kwa hatua za kawaida, hakukimbia wala hakugeuka nyuma. Mmoja akasema anakwenda kuleta begi. Mwingine akasema hapana, yule hatamwona tena dada yake mpaka siku ya kuzikana.

Nikakaa. Begi langu miguuni, kikapu cha magimbi magotini. Watu wakaanza kuondoka gatini mmoja mmoja bila kuniaga, na hakuna mwanamume aliyejitokeza kushika usukani. Shangazi peke yake alibaki, ameketi juu ya kamba ya nanga, kanipa mgongo.

Injini ilikuwa ikiunguruma, jua linapanda, na meli ya Pangai haingoji mtu. Nikaikazia macho ile njia ya mishelisheli. Kuendesha mashua sijui.